Sanduku la Kizee wa Kijiji cha Kwanza

Mwenye gemu alitupa sharti moja tu, na alilisema mara mbili: kwanza kwa fundi, kisha kwangu mimi, akinitazama usoni.

"Chezeni mtakavyo. Lakini msilale."

Alikuwa baharia, mtu wa makamo, kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono kichwani na mikono iliyopauka kwa sabuni ya melini. Alikuja na gemu ya kushika mkononi, kubwa kidogo kuliko simu, kioo katikati na vijiti viwili vya kidole gumba pembeni. Kijiti cha kushoto kiliingiwa na chumvi. Ukiiwasha tu, shujaa wa mchezo alianza kutembea mwenyewe kuelekea ukutani, akatembea hapo hapo bila kufika, kama mtu aliyerukwa na akili.

Fundi aliuliza maana ya kulala. Baharia akatueleza pale pale, viwiko juu ya meza yetu. Katika mchezo ule kila mji una nyumba ya wageni. Shujaa akilala humo, kila alichofanya kinaandikwa kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ni moja. Cha leo kinafuta cha jana. Usipolala, uko huru: pigana, potea, kufa ukitaka. Ukizima, kila kitu kinarudi kilipokuwa.

"Mna miaka miwili yangu mle," alisema. "Nitakuja Ijumaa baada ya sala. Jumamosi meli yaondoka Kilindini, na nikienda ni miezi tisa. Nataka niikute ilivyo."

"Utaikuta," nikamwambia. Sikuwa nimeulizwa mimi.

Kibanda chetu kilikuwa Kibokoni, chini ya nyumba ya ghorofa yenye roshani ya mbao, kwenye njia ambayo mikokoteni miwili haipishani. Fundi alikuwa Mkristo kutoka bara aliyekuja Mombasa kufanya kazi ya reli, akaishia kwenye simu na redio. Mimi nilikuwa na miezi minne pale. Kabla ya hapo nilibeba magunia katika maghala ya Shimanzi, nikaosha makasha ya samaki Liwatoni, nikauza viatu, nikapaka rangi mashua, nikafanya kazi kwa fundi seremala mpaka siku niliyopasua mlango wa watu. Shule niliiacha darasa la saba. Sikuikimbia wala haikunifukuza; asubuhi moja niliona mafundi wamefungua kifuniko cha mtaro mkubwa, nikashuka nao kuona maji yanakoelekea, na kesho yake sikuona sababu ya kurudi darasani. Hivyo ndivyo nilivyo. Kitu kikifungwa mbele yangu situlii.

Fundi alikuwa na kanuni yake ya kazi, na ndiyo iliyoniponza, ingawa simlaumu. Alishachoka na vitu vya mabaharia, maana chumvi ukiisafisha leo hurudi kesho. Kwa hiyo kila kitu cha mtu wa melini, baada ya kutengenezwa, kilikaa kwetu siku tatu kikitumiwa kama atakavyokitumia mwenyewe. Redio ilipigwa kutwa. Simu ilitembea mfukoni mwetu. Jumatatu alifungua ile gemu, akapangusa kijiti kwa spiriti, akabadilisha kipande cha ndani, akanirushia.

"Haya, bwana mdogo. Kazi yako wiki hii ni kucheza. Umeona kazi nzuri kama hii wapi?"

"Na wewe?"

"Mimi nitafanya kazi."

Nilikaa juu ya debe nyuma ya kibanda nikaiwasha.

Sikuwa nimewahi kucheza mchezo wa namna ile. Nilijua ya magari na ya mpira. Huu haukuwa na haraka. Ulianza kijijini, kwa muziki wa filimbi uliojirudia bila kuchosha. Shujaa alikuwa kijana mwenye upanga mgongoni, na nyuma yake walimfuata mwanamke mwenye fimbo na paka mkubwa wa manjano. Watu walisimama mbele ya nyumba zao. Ukimkaribia mtu na kubonyeza kitufe, alisema neno lake, lile lile, hata ukimrudia mara kumi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Changu ni cha maboksi ya mizigo, lakini nilikuwa na kamusi kwenye simu na saa nyingi. Nilimwuliza kila mtu. Muuza samaki alilalamika kwamba mto umekauka. Mlinzi wa lango alimwogopa mkewe. Katika nyumba ya mwisho, karibu na kisima, alikaa kizee peke yake. Nilipomsogelea akasema, "Karibu, mwanangu. Mguu huu wanisumbua tangu mvua."

Pembeni ya kitanda chake palikuwa na sanduku la mbao lenye mishipi ya chuma. Limefungwa.

Nililipita siku hiyo. Nilikuwa bado najifunza kupigana, na mapigano ya mchezo ule yana adabu yake: unampiga adui, kisha unangoja akupige. Unapoteza kidogo, naye kidogo. Unayo nafasi ya kufikiri, na kule kufikiri ndiko kunakoumiza. Unaona kabisa kwamba pigo linalokuja litakumaliza, na huwezi kukimbia kwa sababu zamu si yako.

Jumanne asubuhi nikaona jambo la ajabu. Kumbukumbu ilionyesha saa zaidi ya mia mbili za kucheza, na shujaa yule alikuwa fukara. Upanga wake ulikuwa wa kwanza, wa kuanzia. Ngao hana. Dawa mbili tu mfukoni. Mbele ya daraja la mawe alisimama mnyama mwenye vichwa vitatu, na mwenye gemu alikuwa amekwama hapo. Nilipigana naye mara sita, mara sita akanimaliza kabla sijavunja hata kichwa kimoja. Nikaanza kuzunguka kujua sababu. Mapangoni masanduku yote yalikuwa wazi. Msituni, wazi. Kwenye meli iliyozama, wazi. Lakini majumbani, katika vijiji vyote vitano, hakuna hata moja lililoguswa. Nilihesabu masanduku kumi na tisa, yote yamefungwa, wenye nyumba wamesimama kando yake wakisema maneno yao.

"Huyu mtu hajui kucheza," nikamwambia fundi.

"Miaka miwili hajui?"

"Amepita kwenye mali yote hakuchukua kitu."

"Basi ni mtu mwaminifu. Wewe je?"

Akacheka mwenyewe. Mimi nilikwisha kuingia nyumba ya kwanza.

Nataka kuieleza ile raha kama ilivyokuwa, kwa sababu baadaye niliionea haya, na mtu akishaona haya husema hakufurahi. Nilifurahi. Kifuniko kiliinuka kwa sauti ndogo ya bawaba, mwanga ukatoka, na jina la kitu likaandikwa: viatu vya ngozi, pete ya fedha, mkuki. Nilifungua kumi na nane. Mwenye nyumba alisimama hatua mbili kutoka kwangu akisema mto umekauka. La kizee lilikuwa la mwisho. Nilibonyeza. Humo mlikuwa na chupa moja ya dawa ya vidonda, ile ya kawaida inayouzwa kila duka. Nilivunjika moyo kidogo, nikaitia mfukoni, nikaondoka.

Alasiri ile nilifika darajani na ngao mpya. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, jua limepiga bati la kibanda, na jasho lilinitiririka mpaka kwenye vitufe. Kichwa cha kwanza nilikivunja. Cha pili kilinichukua karibu nusu saa. Mwanamke mwenye fimbo akaanguka. Paka akaanguka. Nilibaki na kijana peke yake, uhai wake umebaki uzi mwembamba mwekundu, na zamu inayofuata ni ya adui. Dawa zote zilikwisha ila ile ya kizee. Nikamnywesha. Adui akapiga, uzi ukabaki, mwembamba kuliko mwanzo. Nikapiga. Kichwa cha tatu kikaanguka na muziki ukabadilika.

Nilipiga kelele hata muuza viazi vya karai akageuka.

Upande wa pili wa daraja palikuwa na mji ambao mwenye gemu hakuwahi kuuona. Taa za rangi, watu wapya, maneno mapya. Na kwenye pembe ya kioo alama ya betri imekuwa nyekundu. Umeme haukurudi. Baharia hakuleta waya wa chaji, na ile gemu ilikuwa na tundu ambalo waya zetu hazikuliingia. Fundi alikuwa akiichaji kwa kuunga nyaya mezani, jambo lisilowezekana bila umeme. Ingezima baada ya dakika chache, na kila kitu kingerudi: daraja, adui, umaskini.

Nyumba ya wageni ilikuwa mkono wa kulia, mlango wazi.

Nililijua lile sharti. Sitasema nilisahau. Nilijiambia namfanyia hisani. Miaka miwili amekwama, nami nimemvusha. Atakapoiwasha Ijumaa atakuta kijana wake ana ngao na pete, amesimama katika mji mpya. Nani angekasirikia jambo kama hilo? Mwenye nyumba ya wageni akaniuliza kama nataka kulala. Nikajibu ndiyo. Kioo kikawa cheusi, wimbo mfupi wa usingizi ukapigwa, kukapambazuka. Muda si mrefu betri ikafa.

Jumatano baada ya adhuhuri alikuja mwanamke kibandani, buibui jeusi na mfuko wa plastiki mkononi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama," fundi akaitikia.

"Asalaam aleikum. Hamjambo?"

"Aleikum salaam. Hatujambo. Wewe?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Kaka yangu kawaletea gemu akasahau waya. Ndio huu. Yeye yuko ofisini kwa mawakala tangu asubuhi, makaratasi hayeshi." Aliuweka mezani, akaiona gemu mkononi mwangu, akacheka. "Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ugomvi wa nyumba yetu."

"Ugomvi gani?" nikauliza. Siwezi kuacha kuuliza.

"Ugomvi wa mama, Mungu amrehemu. Kaka akirudi likizo, hukaa sebuleni na gemu yake, na mama pembeni ashona kofia. Mara ya kwanza alipomwona aingiza yule kijana wake nyumba ya watu, mama akaweka sindano chini. 'Weye! Mbona waingia hukubisha hodi?' Kaka akamwambia, mama, hii ni gemu. 'Gemu ndiyo haina wenyewe? Sikukulea hivyo.' Basi tangu siku hiyo, kabla ya kuingia nyumba yoyote, lazima agonge meza, ko ko ko, aseme hodi. Na mama ndiye amwitikiaye, karibu. Hapo ndipo aingia. Watu wazima hao, wallahi!"

Fundi alicheka mpaka akaweka chuma cha kuunganishia chini. Mimi nilitabasamu kwa midomo tu.

"Na kuchukua kitu," nikasema, "alimruhusu?"

"Achukue kitu nyumba ya mtu? Thubutu! Ya mapangoni sawa, hayana mwenyewe. Ya majumbani asiguse. Na kuna kimoja, sanduku la kizee mmoja mwanzo mwanzo pale, hilo ndilo alilomkataza hata kulikaribia. Alimwambia, sanduku la kizee halifunguliwi na yeye yu hai. Mna sanda yake mle."

Wasiokaa na wazee wetu huenda hawajui. Mwanamke mtu mzima hapa huweka sanduku lake tayari: kitambaa cheupe kilichokatwa, pamba, udi, marashi. Hutoa mara moja kwa mwaka akaanika, akarudisha. Wajukuu wanajua na hawagusi. Mimi nilijua. Nyanya yangu alikuwa nalo chini ya kitanda, na katika nyumba nzima lilikuwa kitu pekee nilichokiogopa kukifungua.

"Mama alipokufa," dada yule akaendelea, sauti imeshuka kidogo lakini bado ya kawaida, "kaka alikuwa baharini. Mimi ndiye niliyelifungua lake. Lilikuwa limepangwa, kila kitu mahali pake, mpaka sindano ya kushonea. Kaka alifika tumeshamzika siku kumi. Sasa huyo kizee wa kwenye gemu, hata nikimwambia fungua basi tuone, ataka kunipiga. Asema sanduku la mama hakuliona likifunguliwa, na hili halifunguliwi na mtu." Akafunga mfuko wake. "Haya, Ijumaa atakuja mwenyewe. Itunzeni."

Alipokwenda, umeme ukiwa umesharudi, niliichomeka chaji nikaiwasha. Nilirudi kwa miguu kutoka mji mpya, daraja, msitu, mpaka kijiji cha kwanza. Dukani nilinunua chupa ya dawa ya vidonda, ile ile. Nikaingia nyumba iliyo karibu na kisima. Sanduku lilikuwa wazi kama nilivyoliacha, kifuniko kimelalia ukutani. Nilisimama mbele yake nikabonyeza kila kitufe. Tupu, kioo kikaandika. Tupu. Hakuna njia ya kurudisha kitu katika mchezo ule. Waliouunda walifikiria kuchukua tu. Nikamgeukia kizee.

"Karibu, mwanangu. Mguu huu wanisumbua tangu mvua."

Nilijaribu yote niliyoyajua. Niliiuliza simu yangu kwa Kiingereza changu kibovu. Niliitafuta kumbukumbu ya jana ndani ya mashine kama mtu atafutaye pete mtaroni. Fundi aliniuliza nahangaika na nini.

"Nimelala," nikamwambia.

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akavuta kiti. "Umemharibia?"

"Nimemfungulia sanduku."

"La yule mama?"

"La yule mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ijumaa utakuwepo hapa. Mimi sitamwambia kwa niaba yako." Alikuwa amenijua miezi minne, na alijua mimi huondoka vipi. Liwatoni niliondoka siku makasha yalipovunjika. Kwa seremala niliondoka kabla gundi haijakauka kwenye ule mlango. Kuna watu huiba, kuna watu huongopa, mimi huhama.

Alhamisi sikufungua kibanda. Nilikunja nguo mbili na taulo, nikatoka chumbani mapema, nikapita Mwembe Tayari watu wakipanga bidhaa zao, nikashika njia ya Shimanzi. Kulikuwa na dereva wa lori niliyemjua tangu siku za magunia, aliyekuwa akipeleka saruji Lunga Lunga. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya yadi, moshi na vumbi jeupe, madereva wakitukanana kwa upendo.

"Wewe tena?" akasema aliponiona. "Umemfanya nani nini safari hii?"

"Sikumfanya mtu kitu."

"Panda. Tukivuka feri utaniambia."

Nilipanda. Nilipokaa, kitu kigumu kikanichoma pajani. Nikatia mkono mfukoni nikaitoa ile gemu. Nilikuwa nimeizoea hata sikuhisi uzito wake. Nilikuwa nimepanga kuiacha kwenye droo ya fundi, na nikaondoka nayo. Dereva akaiangalia.

"Hiyo ya nani?"

Nilikaa nayo mapajani. Injini ilikuwa inanguruma, lori la mbele likasogea hatua moja. Kuhama ni jambo langu, sikubishi. Lakini kama ningevuka nayo, baharia angekwenda miezi tisa akijua kwamba pale Kibokoni palikuwa na mwizi, na fundi angeitwa mwizi kwa ajili yangu. Nilimwambia dereva anishushe.

"Foleni haijaenda hata mita mia," akasema. "Ulikuwa umepanda au ulikuja kupumzika?"

Nilirudi kwa miguu, jua utosini. Njiani nilipanga maneno. Niliyapanga vizuri, nikayapangua. Wazo moja lilinifuata mpaka Makadara: nikifika nitasema betri ilikufa, kumbukumbu ikajifuta. Mashine hufa. Nani angejua? Nilikuwa nimeshika wazo hilo kama nauli mkononi nilipoingia kichochoro chetu, nikidhani bado nina siku nzima.

Baharia alikuwa amekaa kwenye debe langu.

"Huyo," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Mteja wako amekunywa kahawa vikombe vitatu akikungoja."

"Ratiba imebadilika," baharia akasema. "Twaondoka kesho alfajiri. Asalaam aleikum."

"Aleikum salaam." Nikaitoa mfukoni nikampa.

Alizungusha kijiti kwa kidole gumba, kushoto, kulia, akaridhika. "Kizuri. Kinasimama." Akaiwasha. Mimi nilisimama mbele yake, furushi la nguo bado begani. Muziki wa mji mpya ukaanza, sio filimbi. Kidole chake kikasimama.

"Hapa ni wapi?"

"Ng'ambo ya daraja."

"Huyu mwenye ngao ni nani?"

"Ni yule yule."

Aliangalia saa zilizoandikwa pembeni, akafungua mfuko wa shujaa, akashuka mstari kwa mstari: pete, viatu, mkuki. Hakuharakisha. Fundi aliacha kuunganisha waya.

"Umelala," akasema.

"Nimelala." Lile wazo la betri lilikuwa bado pale, limeiva. Likapita. "Betri ilikuwa inakufa na nilikuwa nimeshinda. Sikusahau ulivyotwambia. Nilijua."

"Majumba yote?"

"Yote."

"La kizee?"

"Nalo."

Muuza viazi alikuwa akimkemea mtu kuhusu chenji. Baharia alisubiri mpaka kelele zipite. Nilidhani ataniinukia, na nilikuwa tayari.

"Mle mlikuwa na nini?" akauliza.

Ningeweza kusema kitambaa. Kitambaa cheupe kimekunjwa. Neno lilikuwa mdomoni, na lilionekana kuwa la huruma kuliko ukweli.

"Dawa ya vidonda," nikasema. "Chupa moja. Ile ya kawaida."

"Hiyo ya dukani?"

"Hiyo hiyo."

"Iko wapi?"

"Niliinywa. Darajani. Nilikuwa nakufa."

"Ulikunywa dawa gani?" fundi akauliza.

Baharia alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mama angecheka," akasema. Kisha, "La. Asingecheka. Angesema mimi ndiye niliyempa mtu ufunguo."

Akarudisha mchezo mpaka ukurasa wa mwanzo kabisa, pale penye kuendelea na kuanza upya, akanyoosha mkono akanipa.

"Anza upya."

"Mimi?"

"Wewe ndiwe uliyefungua. Funga."

Nilibonyeza. Kioo kikaandika maneno, na chini yake ndiyo na hapana. "Inauliza kama una hakika," nikamwambia. "Kumbukumbu ya zamani itafutika yote."

"Najua kusoma."

"Saa mia mbili. Na majina mliyowapa, huyu mwanamke, na huyu paka..."

"Majina nayajua. Paka alimpa yeye, jina la paka wetu." Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja. "Bonyeza, ndugu yangu, nina makaratasi ya kumaliza."

Nimebonyeza vitu vingi maishani bila kufikiri. Kile nilikifikiria. Kidole kilikuwa kimelowa, na kitufe kilikuwa laini, hakikuhitaji nguvu. Nikasema bismillahi kimoyomoyo, nikabonyeza ndiyo. Kioo kikawa cheusi kwa muda mrefu kuliko kawaida, au hivyo ndivyo nilivyoona.

Filimbi ikaanza.

Aliichukua mkononi mwangu. Aliandika jina la kijana herufi moja moja, akageuza mgongo nisione. Kisha akamtembeza kijijini, akampita muuza samaki, akampita mlinzi, mpaka nyumba iliyo karibu na kisima. Akamsimamisha mlangoni. Akainua mkono wa kulia, akagonga meza yetu kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

Akangoja. Nilitaka kuitikia, nikaona si haki yangu. Kijana alisimama mbele ya mlango, kijiti kimetulia, hasogei.

Fundi alikuwa amekwisha rudi kwenye kazi yake, kichwa kimeinama kwenye moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya. Ameitikia hodi za wateja kwenye kibanda kile miaka mingi kuliko anavyokumbuka.

"Karibu!" akasema.

Baharia alimtazama. Kisha akaingia. Nilimwinamia begani nikaona: kitanda, kizee, na pembeni sanduku lenye mishipi ya chuma, kifuniko kimekaa sawasawa. Hakulikaribia. Alimsogelea kizee, akabonyeza, akasoma maneno yale ya mguu na mvua mpaka mwisho, akamtoa kijana nje.

Aliizima, akaitia mfukoni, akampa fundi haki yake. Mimi hakunipa mkono, wala sikuutarajia. Alipofika kwenye pembe ya kichochoro aligeuka.

"Hilo furushi," akauliza, "waenda wapi?"

Nilikuwa nimelisahau begani. Nikalishusha chini ya meza.